Masikio ya Malai

Kule Kebirigo watu hawabebi paka. Paka huja mwenyewe, hujikalia karibu na gunia la mahindi, hula panya wake, na siku akiamua kuondoka hakuna anayemtafuta. Kwa hivyo Mong'ina aliposhuka kwenye pikipiki akiwa amefunga boksi la viatu kifuani kwa leso, na wanawake waliokuwa wakichuma majani chai kando ya barabara wakaona masikio mawili meupe yakichungulia kutoka ndani, kazi ilisimama kwanza.

"Mama Lorna, umezaa uzeeni?" mmoja akamwita.

"Nimezaa," Mong'ina akajibu bila kupunguza mwendo. "Na huyu hatakuja kuwachumia majani, kwa hivyo msihesabu mikono yake."

Walicheka hadi alipokata kona. Yeye mwenyewe alicheka pia, ingawa mkono wake haukutoka juu ya boksi hata mara moja.

Mong'ina alikuwa amefanya kazi kwa Mama Tara mjini Kisii tangu binti yake Lorna akinyonya, na sasa Lorna ana watoto wake. Nyumba ile iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia. Mwanzoni Mong'ina alipika chapati na kufua. Kisha miguu ya Mama Tara ilipoanza kumgomea, kazi ikageuka yenyewe bila mtu kuitangaza: akawa wa kumwogesha, wa kumchana nywele, wa kumshika kiwiko kwenye ngazi. Jumapili asubuhi hushuka mjini, Ijumaa hurudi nyumbani kabla jua halijatua, kwa sababu Sabato ni Sabato hata kama mwenye nyumba ana dini nyingine. Mama Tara hajawahi kumwuliza kwa nini. Siku ya Ijumaa humwambia tu, "Nenda, jua inakimbia."

Duka hilo lilikuwa na paka tangu enzi za mzee Gopal, mume wa Mama Tara. Mzee alipenda paka kuliko alivyopenda wateja, na wateja walilijua hilo. Paka wake alikuwa wa mistari ya kijivu, analala juu ya majora ya vitambaa, na alipokufa alimwacha binti wa mistari, na yule binti akamwacha mwingine. Mzee naye alikufa. Paka wa mwisho wa ukoo huo alizaa watoto kwenye kabati la shuka, akaugua, akafa ndani ya wiki ile ile, na watoto wakamfuata mmoja mmoja. Akabaki mmoja tu, na huyo alikuwa mweupe pe, bila doa, bila mstari, bila chochote cha mama yake.

Mong'ina ndiye aliyemlea. Alimnyonyesha maziwa kwa kichupa cha kudondoshea dawa ya macho, akamweka ndani ya boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa vipande vya flaneli, akaibadilisha chupa kila ilipopoa. Mama Tara alimtazama akifanya hivyo akampa mtoto jina: Malai, kama utando mweupe wa maziwa yaliyochemka. Naye Alpa, mkamwana wa Mama Tara ambaye ndiye anayeendesha duka sasa, alitafuta kwenye simu yake, akalinganisha picha, akatangaza kwamba huyu si paka wa kawaida. Huyu ni Angora wa Uturuki, paka wa mabwanyenye. Alitangaza hivyo kwa kila mteja aliyeingia kutafuta kitambaa cha pazia. Alpa si mtu mbaya, ila akishasema jambo, jambo hilo halina budi kuwa kweli.

Kisha daktari akasema nyonga ya Mama Tara lazima ifanyiwe upasuaji, na ufanyike Nairobi, na baada ya hapo akae kwa binti yake huko mpaka atembee vizuri. Alpa alikuwa akipiga chafya kila paka alipopita. Hapakuwa na mwingine.

"Mchukue wewe," Mama Tara alimwambia Mong'ina akiwa kitandani, sanduku lake limeshafungwa. "Hii ndiyo ya mwisho ya paka za Gopal."

Mong'ina alimchukua. Lakini kwenye pikipiki, njia nzima, alijiuliza kama ameaminiwa au amekosekana mwingine. Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Zamani, alipokuwa bado mgeni katika nyumba ile, bangili ya dhahabu ilipotea, na Mama Tara akamwamuru amwage mkoba wake juu ya meza ya jikoni. Mong'ina akaumwaga. Ikatoka Biblia, kitambaa cha kichwa, na nusu mkate wa kumpelekea Lorna. Bangili ilionekana siku chache baadaye, imenasa ndani ya bitana ya blauzi ya Mama Tara mwenyewe. Hakuna aliyesema neno. Mama Tara alimpa tu sukari na leso mpya. Sukari waliinywa na Mokua, mumewe. Leso haijawahi kumgusa mwilini mpaka leo, imekunjwa chini ya sanduku. Tangu siku ile, kila Ijumaa kabla ya kushuka ngazi, Mong'ina huufungua mkoba wake mlangoni kabla hajaambiwa, na Mama Tara huangalia dirishani mpaka aufunge.

Wamependana hivyo hivyo miaka yote, na jambo lile likikaa katikati yao kama kiti kisichokaliwa.

Kebirigo ni baridi. Asubuhi ukungu hukaa juu ya majani chai mpaka watu wamalize chai ya kwanza, na Mong'ina alimlaza Malai jikoni, kando ya mafiga. Haikuchukua muda akaona kwamba ncha za masikio ya mtoto zimechafuka.

"Masizi," alisema.

Alimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Malai alilia kama anachinjwa. Masizi hayakutoka. Ijumaa iliyofuata, katika maandalizi ya Sabato, wakati anasugua sufuria na viatu na shingo za wajukuu waliokuja kumtembelea, alimsugua na Malai tena. Wajukuu walitakata. Masikio ya Malai yakazidi kuwa meusi.

"Wewe unasugua hiyo paka itoboke," Mokua alimwambia. Mokua ni mtu mpole anayepeleka majani kwenye kituo cha kupimia na kurudi na habari za kijiji kizima. "Hiyo si masizi. Masizi inaanza juu ya mgongo, haiendi kuchagua masikio."

"Basi ni nini?"

"Mimi nijue? Ni paka yako ya Uturuki."

Baada ya masikio ikafuata pua. Baada ya pua, mkia wote, kuanzia nchani hadi ulipoanzia. Kisha nyayo, kana kwamba mtoto yule ametembea ndani ya kahawa. Mwili ulibaki mweupe wa maziwa, ukichukua rangi ya krimu kidogo mgongoni, na macho yakabaki ya buluu. Nyayo tatu, niseme vizuri. Ya nne, ya mbele kulia, alikuwa ameiunguza kwenye makaa akifukuza kombamwiko, manyoya yakaungua yote, na Mong'ina alimfunga kitambaa kisha akamvalisha soksi ya sufu aliyoishona kutokana na sweta la zamani la Lorna. Kidonda kilipona, lakini soksi aliiacha wiki nyingi kwa sababu mtoto aliipenda. Manyoya yaliyoota chini yake yakatoka meupe. Jambo hilo lilimchanganya zaidi. Ugonjwa gani huu unaochagua miguu?

Na hapo ndipo hofu ilipomkamata sawasawa. Siku moja akiwa amemshika Malai mlangoni kwenye mwanga, alimwona kama ambavyo Mama Tara angemwona. Alipewa paka mweupe, paka wa mabwanyenye, wa mwisho wa ukoo wa marehemu, na atarudisha paka wa kahawia. Nani duniani angesema ni yule yule? Watasema amempoteza akaokota mwingine, au, vibaya zaidi, amemuuza. Mkoba wake utamwagwa tena, safari hii mbele ya Alpa.

Mokua aliliona jambo hilo kwa wepesi wake. "Mama Lorna, mimi naenda soko ya Keroka. Nitakutafutia kapaka keupe. Mama mzee hataona tofauti, macho yake si ya jana."

"Na huyu?"

"Huyu akae na sisi. Si tayari anakula ugali?"

Mong'ina alimkazia macho mpaka Mokua akakumbuka kwamba ana majani ya kupeleka. Lakini usiwe mwepesi wa kumsifu kwa uaminifu wake, msomaji, kwa sababu Mama Tara alipopiga simu ya video kutoka Nairobi, akitaka kumwona Malai, mwanamke huyu mwaminifu alifanya jambo la ajabu. Aliangalia simu ikilia, akaangalia paka, akaangalia ndoo ya unga wa ngano. Akachota kiganja.

Alimpaka unga masikio, akampaka mkia na nyayo, akamalizia na pua kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayempodoa bibi harusi. Kisha akapokea.

"Ah!" Mama Tara alisema. Uso wake ulikuwa umekonda, nywele zimechanwa ovyo na mkono usiozijua. "Amekuwa mkubwa! Mlete karibu. Malai, Malai!"

Malai aliisikia ile sauti, akasogeza pua kwenye simu, akapiga chafya. Wingu la unga likapanda.

"Ana homa?"

"Ni vumbi, Mama. Huku kuna vumbi."

Vumbi, na nje mvua inanyesha tangu asubuhi. Mama Tara hakuona mvua, au hakutaka. Alisema amepiga picha ya simu hiyo, imetoka vizuri, ameihifadhi, atamtumia Alpa naye aone. Mong'ina alikata simu akakaa chini kwenye kigoda. Hakuwa ameiba chochote maishani mwake, na sasa alijihisi mwizi kamili, mikono yake imejaa ushahidi mweupe.

Aliyemwokoa, au aliyemwokoa nusu, ni Anyona, daktari wa mifugo, aliyekuja kumtazama ng'ombe wao aliyekataa kula. Alipomaliza na kunawa mikono, Mong'ina alimletea chai na kusimama pale kama mwanafunzi mwenye kosa.

"Daktari, kuna mgonjwa mwingine. Lakini usinicheke."

Anyona alimpokea Malai, akamweka magotini, akampindua sikio, akamwangalia macho. Akaanza kutabasamu.

"Alizaliwa mweupe kabisa?"

"Kama maziwa."

"Na mlikuwa mnamweka wapi? Mahali pa joto?"

"Na chupa ya maji moto. Kule Kisii."

"Halafu ukamleta kwa hii baridi yetu." Akacheka, si kwa kejeli. "Mama, huyu si mgonjwa. Sikiza. Rangi ya manyoya inapikwa ndani ya ngozi. Kwa paka wengi mpishi anapika mahali popote, hajali. Kwa huyu, mpishi wake ana kasoro moja tu: joto ikiwa nyingi, anaacha kazi. Tumboni mwa mama kuna joto, kwa hivyo anazaliwa bila rangi. Mgongo na tumbo zinakaa na joto, zinabaki nyeupe. Lakini masikio, pua, mkia, miguu, hapo ndipo baridi inashika kwanza. Hapo mpishi anaamka."

Mong'ina aliyashika masikio ya Malai kwa vidole viwili. Yalikuwa baridi kweli. Akaweka kiganja tumboni, pakawa na moto wa mkate uliotoka kuokwa.

"Na huu mguu?" akauliza, akionyesha ule wa soksi.

Anyona alipopata hadithi ya makaa na sweta la Lorna, alipiga paja. "Umefanya jaribio ya shule bila kujua! Manyoya iliota ndani ya joto, ikatoka nyeupe. Sasa umetoa soksi, zikianguka hizo, zile zitaota zitakuwa nyeusi kama wenzake. Ungemvalisha soksi nne na kofia, ungemrudisha mweupe."

"Lakini mama yake alikuwa wa mistari, Daktari. Na nyanya yake. Hii imetoka wapi?"

Alimweleza polepole, akipuliza chai. Kila mtoto wa paka hupewa maagizo mawili ya jambo hili, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Agizo hili la baridi ni lenye aibu: likikutana na la kawaida hujificha, na paka anatembea maisha yake yote akilibeba bila kulionyesha. Yule wa mistari alikuwa amelibeba, na pengine mama yake pia. Mpaka siku alipokutana na dume aliyebeba la namna hiyo, na mtoto mmoja akapata yote mawili. Yale mawili yakiwa pamoja hayana wa kumwonea aibu.

Mong'ina alimfikiria Lorna, mwenye mwanya mpana wa meno ambao yeye na Mokua hawana, na mama yake Mokua akausherehekea akisema ni wa marehemu dadake. Aliuliza lililokuwa likimsumbua.

"Sasa ni Angora?"

"Hapana. Yule akizaliwa mweupe kabisa, anakufa mweupe. Wengine wakimwona huyu watakwambia ni Saiami, ile aina ya bei yenye masikio na mkia mweusi. Pia usikubali. Manyoya haisemi ukoo, Mama. Ukoo wa paka unajulikana ukijua wazazi wake, na wazazi wao, mpaka nyuma. Huyu baba yake alipita juu ya paa. Huyu ni paka wa Kisii mjini, amezaliwa dukani, na mama yake na nyanya yake."

Maneno hayo ya mwisho yalimtuliza Mong'ina kuliko yote. Paka wa duka. Paka wa Gopal, kwa hivyo.

Anyona alimwambia akitakiwa atampigia simu yule mama mzee mwenyewe amweleze. Mong'ina alihifadhi namba yake. Akajifunza maelezo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: mpishi, joto, maagizo mawili, mguu wa soksi. Aliyarudia akichuma majani, akikamua, akifunga boksi la viatu ambalo sasa lilikuwa dogo mno, hata ikabidi atafute kikapu. Habari ilikuwa imefika kwamba Mama Tara amerudi.

Alipanda ngazi za duka na kikapu mkononi. Mama Tara alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, fimbo mpya kando, shali mabegani. Alikuwa amepungua. Mong'ina alitaka kwanza kumkimbilia, kumtengeneza nywele zile, lakini Alpa alikuwa amesimama pale, naye alikuwa amekwisha kufunua kikapu.

"Hii ni nini?"

"Ni Malai, madam."

"Malai mweupe." Alpa alimtazama paka, akamtazama Mong'ina, na uso wake ukakunjamana. Akatoa simu. "Ona. Hii ni picha mama alinitumia juzi juzi tu. Iko nyeupe. Masikio nyeupe, mkia nyeupe. Hii si hiyo paka. Angora haigeuki."

Mong'ina alifungua kinywa atoe somo lake. Mpishi, joto, maagizo. Yote yalikuwepo. Lakini mbele ya kila kitu kulikuwa na picha ile, na picha ile ilikuwa yake.

"Nilimpaka unga," alisema.

"Ati nini?"

"Unga wa ngano. Mama alipopiga simu. Alikuwa ameanza kubadilika nikaogopa." "Niliogopa mtasema nimembadilisha. Kuna daktari anaweza kueleza, niko na namba yake. Ni baridi ndiyo inaleta rangi. Hata mguu huu—"

"Unga," Alpa alirudia, akageuka kwa mama mkwe wake. "Mama, unasikia? Anasema ni unga."

Mama Tara hakumtazama paka. Hakuiangalia simu iliyonyooshwa mbele yake wala mguu ambao Mong'ina alikuwa ameuinua. Alimtazama Mong'ina kwa muda mrefu, kisha mkoba uliokuwa begani mwake, na kitu fulani katika uso wake kilikuwa kinamuuma, na hakikuwa nyonga.

"Mong'ina," alisema. "Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Basi ni yeye. Mlete."

Alpa alishusha simu. "Mama, angalau tumpigie huyo daktari. Tujue kweli."

"Tujue nini?" Mama Tara alisema, tayari amenyoosha mikono yake yote miwili. "Nimemuuliza, amejibu."

Mong'ina alimweka Malai mapajani mwake. Alitaka kusema asante, au kuuliza hali ya nyonga, au kueleza sasa, kwa utulivu, habari za masikio na baridi. Badala yake alisimama katikati ya sebule ile aliyoipiga deki nusu ya maisha yake, akalia mbele ya watu, na hakujificha uso.